Pudini Huliwa Lini?

“Unabishana na binti wa mpishi?” Tupokigwe alifoka, mikono kiunoni. “Pudini huliwa pamoja na nyama, kama ugali!”

“Siyo,” alijibu Prabha, jirani yake wa dawati. “Ni tamu. Huliwa mwishoni.”

“Mama yako anawapikia Waingereza?”

Darasa la sita likaangua kicheko. Kila mtu pale shuleni, mjini Mbeya, alijua kwamba baba yake Tupokigwe, mzee Yotamu, alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni. Kwa hiyo kundi lao zima likaandika jibu la Tupokigwe kwenye swali la nne la zoezi la Kiingereza, Prabha peke yake akakataa. Mchana ule Mwalimu Paskalina angekusanya madaftari. Kundi lisilo na kosa lingekwenda Iringa kwenye mashindano ya Kiingereza.

Kengele ya chakula ilipolia, Tupokigwe alipitia jikoni kwa baba yake.

“Baba, eti pudini huliwa mwishoni?”

“Sasa iliwe lini?” mzee Yotamu alicheka. “Hii hapa: wali, maziwa, mayai na sukari. Nyama ikishaondolewa mezani, ndipo naipeleka. Tena Waingereza wengine huita pudini kitu chochote kitamu cha kumalizia chakula, hata keki.”

Tupokigwe akainamisha kichwa. “Nimewaandikisha wenzangu kwamba huliwa na nyama. Nilidhani ninajua, kwa sababu wewe unajua.”

Baba aliweka mwiko chini. “Mwaka wangu wa kwanza hapa niliipeleka pamoja na nyama. Kwetu ndizi za maziwa si ndicho chakula chenyewe? Wageni walicheka mpaka machozi. Niliona aibu, lakini niliuliza, nikafundishwa. Jivunie kazi yangu, mwanangu, nami nafurahi. Ila usilolijua, uliza. Na uliyempotosha, mrudie kabla hajaumia.”

Tupokigwe hakungoja chakula. Alikimbia mpaka shuleni, akamkuta Mwalimu Paskalina mlangoni, tayari kukusanya madaftari. Angeweza kufuta jibu lake tu kimya kimya.

“Mwalimu, naomba dakika moja,” alisema, akihema. Akawageukia wenzake. “Nimewadanganya. Pudini ni kitu kitamu cha kumalizia chakula. Prabha alisema kweli, nami nikamcheka. Nisamehe, Prabha. Kundi langu, futeni namba nne.”

Mwalimu alimtazama kwa fahari, akarudi nyuma hatua moja. “Futeni. Nasubiri.”

Tupokigwe akafungua daftari lake, akawa wa kwanza kufuta.