Hodi Kutoka Chini ya Sakafu

Sauti ya kugonga ilianza wakati nchi kavu ilikuwa imeshapotea nyuma yao na kisiwa bado hakijaonekana mbele. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Kisha tena mara tatu, kutoka chini ya mbao za sakafu ya boti.

Mshonaji aligeuka. "Shemeji, umesikia?"

"Injini ya zamani hukohoa," alijibu Mchomeleaji, mikono kwenye usukani. "Hata wewe ukifungiwa stoo miezi minane utakohoa."

Mshonaji hakucheka. Alikuwa mjane wa Fundi, aliyeitunza injini ile miaka ishirini, naye alimjua mtu mmoja tu aliyegonga hivyo. Kila mara kabla ya kuiwasha, Fundi aligonga kifuniko kwa spana mara tatu, akasema, "Hodi," kisha akajijibu mwenyewe, "Karibu, bwana mkubwa." Watu walimcheka, lakini injini haikuwahi kumgomea.

Fundi alifariki kwa homa ya mapafu, akaiacha injini stoo, imefunguliwa nusu. Mdogo wake, mchomeleaji wa mageti na madirisha, ndiye aliyeiunganisha, akairudisha ndani ya boti na kuilinganisha na shafti inayozungusha propela. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza. Mama yao alikuwa kisiwani, mgonjwa, haoni tena, akisubiri boti imvushe kwenda hospitali. Hapakuwa na boti nyingine.

Kugonga kulizidi. Mchomeleaji alisukuma mkono wa kuongezea mafuta mpaka mwisho ili ngurumo ya injini iimeze sauti ile.

"Punguza! Simama tuangalie!"

"Tukifika tutaangalia."

Hawakufika. Harufu ya grisi iliyoungua ilipanda, boti ikaanza kutetemeka, na maji yakachomoza kati ya mbao, meusi kwa oili. Mchomeleaji alizima injini.

Ukungu mweupe uliwazunguka pande zote. Upande wa kushoto, mahali wasipopaona, mawimbi yalikuwa yakipasuka juu ya miamba. Mchomeleaji alitupa nanga. Kamba yote ilishuka bila kugusa chini. Aliokota kipande cha mti, akakitupa majini. Kilibaki ubavuni, kikienda pamoja na boti, huku sauti ya miamba ikizidi kusogea.

"Mkondo unatupeleka kule kule," alisema. "Tuna saa mbili, labda pungufu."

Waling'oa mbao za sakafu. Maji yalikuwa yakiingia pale shafti inapotokea nje ya boti. Kamba yenye grisi iliyoziba tundu lile ilikuwa imesagika. Mchomeleaji aliinama kufungua bolti zinazounganisha sahani mbili za chuma, moja ya injini na moja ya shafti. Wimbi likaipiga boti ubavuni, naye akashika bomba la moshi ili asianguke. Kiganja chake kilinata, kisha kikabanduka. Alipiga ukelele kama mtoto.

Mshonaji alikizamisha kile kiganja kwenye maji ya chumvi, kisha akamwagia maji safi kidogo kutoka kwenye dumu. Alichana kitambaa chake cha kichwani. Nusu alimfunga mkono. Nusu nyingine aliipaka grisi, akaisokota na kuijaza kwenye lile tundu la shafti kwa ncha ya bisibisi, mpaka maji yakawa matone.

"Dumu limebaki nusu," alisema. "Tusiliguse tena."

Bolti zilipotoka, wote wawili waliona. Sahani zile ziligusana juu na kuachana chini, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno.

"Zilikuwa sawa," Mchomeleaji alinong'ona. "Wiki nzima nilizipima. Wembe haukupita popote."

"Ulizipima boti ikiwa juu ya magogo. Boti ikilala majini tumbo lake hukaa vingine. Ndugu yako alikuwa akiipima mara mbili, nchi kavu, kisha majini ikishalala siku nzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, shemeji. Ulisema chuma ni chuma, nikashone magauni."

Mchomeleaji alizitazama tena sahani zile. Na hapo, injini ikiwa imezimwa, shafti ikiwa imeachwa huru, kukasikika chini yao: ngo, ngo, ngo.

Mchomeleaji alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ubavu wa boti. "Labda ni gogo," alisema. Hakukuwa na gogo.

"Unaogopa nini? Huyo alikuwa mume wangu."

"Alikuja kwangu." Mchomeleaji aliitazama shafti. "Wiki mbili kabla hajafa. Tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya mtaimbo wake nilioupinda. Mtaimbo, shemeji! Aligonga mara tatu, hodi. Nilikuwa ndani, nimeshika kikombe cha chai. Sikuitika. Nilimsikia akikohoa mlangoni, kisha akaondoka."

Mshonaji aliacha kuchota maji. Usiku ule mumewe alikuwa amerudi amelowa mvua, akasema tu, "Hayupo nyumbani." Aliona miezi yote minane ikipita mbele yake. Angeweza kusema maneno ya kumuua mtu. Alifumba macho. Ee Mungu, sikuombi upepo wala muujiza. Niondolee hasira hii nipate mikono.

"Leta huo mtaimbo, uko chini ya benchi," alisema.

Alichota maji mpaka ndoo ikakwaruza mbao, kwa sababu boti iliyojaa maji haipimiki. Katika sanduku la vifaa la marehemu walikuta kiberiti, ndani yake wembe mmoja uliofungwa kwa karatasi. Miguu ya nyuma ya injini ilihitaji kuinuliwa kidogo. Bati la kuweka chini yake lilikuwa moja tu, kifuniko cha kopo la grisi, na mkasi ulikuwa mmoja, wa kushonea.

"Mkasi huu haujawahi hata kukata karatasi," Mshonaji alilalamika, akikata bati.

"Nitakununulia mwingine."

"Fika kwanza."

Mchomeleaji alilegeza nati za miguu, akauingiza mtaimbo uliopinda, akauegemea kwa kifua. Injini ilipanda unene wa kucha. Mshonaji alisukuma bati chini yake, kisha akapitisha wembe kati ya sahani. Vidole vilivyozoea uzi vilijua kubana na kulegea.

"Juu umekaza. Chini unapita."

Kipande kingine cha bati. "Kulia?" "Unabana." "Kushoto?" "Umelegea. Sukuma kwangu." Ngurumo ya miamba ilikuwa karibu kiasi kwamba walisemezana kwa kupaza sauti, na povu jeupe lilianza kuonekana ndani ya ukungu. Waliizungusha shafti robo kwa mkono, wakapima tena, juu, chini, kulia, kushoto. Mara ya tano wembe ulishikwa sawasawa pande zote.

Walikaza bolti. Mchomeleaji aliinua spana kwa mkono mzima, akasita. Kisha akagonga kifuniko mara tatu.

"Hodi," alisema. Machozi yalimshuka. "Karibu, kaka. Nisamehe. Karibu."

Injini iliwaka. Jiwe la kwanza lilipita ubavuni, karibu kiasi cha kuguswa kwa kasia, na boti ikageuka, ikapanda wimbi na kuliacha. Mchomeleaji hakuongeza mafuta zaidi ya nusu. Alikuwa akisikiliza. Njia nzima hapakusikika kitu kikigonga, na kimya kile kilimwumiza kuliko kiganja.

Jua lilikuwa bado juu walipofunga kamba gatini. Walipanda hadi nyumba ya mama, nguo zimeganda kwa chumvi, wakasimama mbele ya mlango uliofungwa. Mchomeleaji aliinua mkono wenye kitambaa. Haukuwa umegusa mbao bado.

"Karibuni, nimesikia," mama aliita kutoka ndani. "Mara tatu zinatosha. Mbona mnagonga kama yeye?"

Mshonaji alimtazama shemeji yake. Mkono wa Mchomeleaji ulibaki hewani, kisha ukashuka polepole. Alisukuma mlango ukafunguka, lakini hakuingia. Alisogea pembeni, kama mtu anayempisha mkubwa wake.

"Tangulia, kaka," alisema.

Akasubiri kidogo. Ndipo naye akaingia.