Cherehani ya Nyaboke

Tangu Nyaboke azikwe, cherehani yake ilishona yenyewe kila alasiri, na mumewe hakumwambia mtu. Monari alikuwa fundi wa injini za mashua hapo Muhuru Bay, mtu wa utani na wavuvi, lakini hilo alilificha kwa sababu lilimpa raha. Akiisikia chumbani, tik-tik-tik, alijiona bado ana mke.

Shida ilikuwa Jedidah, binti yao mdogo. Alishinda chini ya meza ya cherehani, hataki uji, hataki samaki, na kila jioni vidole vyake vilikuwa na matundu mapya ya sindano. Alikuwa amebaki mifupa.

Jirani yao Phelesia, mama mzee aliyejua dawa, aliingia alasiri moja, akaikuta cherehani ikishona yenyewe, akakunja uso. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na udongo mbichi.

"Baba Jedidah, hii kitu iko ndani ya mashine," alinong'ona. "Imeshika nywele ya marehemu. Fungua, toa, choma. Ukikataa, utazika na mtoto."

"Skrubu ya bamba la chini ya sindano imekatika kichwa, mama. Haifunguki."

"Wewe? Si ni wewe unatoa skrubu za injini zote hapa ziwani?"

Monari akainamisha kichwa. "Ni Nyaboke, mama. Nitamfukuzaje?"

Siku za Sabato walizoea kushinda kanisani hadi jioni. Jumamosi iliyofuata Jedidah alizimia ibadani, Monari akambeba mbio mpaka nyumbani. Mlangoni akasikia tik-tik-tik, akasimama ghafla. Nyaboke alikuwa Msabato wa kufa na kupona; Ijumaa jua likielekea kuzama aliifunika cherehani, na hata kifungo cha shati hakukishona mpaka Sabato ipite. Aliyekuwa akishona mle ndani hakuwa mkewe.

Monari naye hakuwahi kushika kifaa cha kazi siku ya Sabato. Alimlaza mtoto, akamwomba Mungu msamaha, akachukua keekee. Alitoboa katikati kabisa ya ile skrubu iliyokatika kichwa, akaingiza kile chuma chenye meno ya kinyume, ambacho ukikizungusha kushoto kinazidi kuuma mpaka skrubu itoke.

"Baba Jedidah," sauti ikasema, ya Nyaboke kabisa, na kile kikohozi chake kidogo. "Nimekukosea nini? Zungusha kulia. Huko nje kuna baridi."

Monari alilia kama mtoto, na huku akilia alizungusha kushoto, gurudumu likienda kasi bila mkono, sindano ikipanda na kushuka ikitafuta vidole vyake, harufu ya udongo ikimjaa kooni, Jedidah kitandani akiita mama, mama, naye akizungusha kushoto tu, kushoto, hadi skrubu ikaanguka sakafuni.

Chini ya bamba kulikuwa na kishungi cha nywele za Nyaboke kilichosokotwa na uzi. Kilikuwa na joto, na kilipumua. Alikitupa jikoni kwenye makaa, na kililia kwa sauti ya mkewe mpaka kikawa majivu.

Jioni Jedidah alikunywa uji, kikombe kizima. Phelesia akapiga makofi akimshukuru Mungu. Mtoto akapangusa mdomo, akamtazama babake.

"Baba, mbona umemchoma mama?"

Monari alimwongezea uji.