Mahindi ya Sadaka

Seline Awuor alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Wakatoliki, pembeni mwa mji wa Eldoret. Kila asubuhi alitoka chumba chake cha kupanga katika mtaa wa Huruma, akatembea nusu saa, akateka maji, akawasha moto na kuinjika sufuria mbili kubwa. Saa saba watoto mia moja na arobaini walikuja na sahani zao kula githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Baadaye aliosha sufuria, akachagua maharagwe ya kesho, akarudi nyumbani. Kesho yake ilikuwa vilevile. Alikuwa amechoka, na alisema hivyo waziwazi kwa yeyote aliyemjulia hali.

Mahindi ya shule hayakununuliwa. Yalitoka kwa Wakristo wa parokia. Kila Novemba ilikuwepo Jumapili ya mavuno. Wakulima wa sehemu za Moiben na Ziwa walileta magunia, watu wa mjini walileta madebe, wote wakayaweka mbele ya altare. Padre aliyabariki, kisha yakabebwa hadi stoo ya shule. Hakuna aliyefungua gunia kutazama ndani. Desturi ilikuwa kwamba kitu kilichotolewa kanisani hakikaguliwi, maana kukikagua ni kumdharau aliyekitoa. Na kwa kuwa kila mtu alitaka kuonekana Jumapili hiyo, wengine walileta mahindi waliyoyavuna juzi tu, kabla hayajakauka.

Mwaka wa 1985 mavuno yalikuwa mazuri. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa njaa, watu wakapanga foleni kununua mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Kwa hiyo parokia ilifurahi sana magunia kumi na manane yalipoingia stoo. Yalipangwa juu ya sakafu ya simiti, yakaegemezwa ukutani, mlango ukatiwa kufuli. Shule ikafungwa kwa Krismasi.

Ilipofunguliwa Januari, Seline aliingia stoo akapigwa na harufu mbaya. Alitia mkono ndani ya gunia akahisi joto. Punje zilikuwa zimeshikana, na vumbi la kijani na jeusi likabaki vidoleni.

Alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Alipepeta, akachagua, akaosha mara tatu, akatia magadi na kuchemsha kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nani angetupa mahindi baada ya ile njaa? Mimi nisingetupa, na sidhani wewe ungetupa.

Githeri ilikuwa chungu. Watoto waliila kwa sababu walikuwa na njaa. Siku ya tatu, tisa kati yao walitapika.

Mmoja wa hao tisa alikuwa Jepkosgei wa darasa la tatu. Baba yake, Simeon, alikuwa bwana shamba, yaani mfanyakazi wa serikali wa kuwashauri wakulima. Kesho yake alikuja kwa baiskeli. Seline alidhani anakuja kugombana, naye hakuwa na nguvu ya kugombana. Lakini Simeon aliomba tu kuonyeshwa stoo. Alifungua magunia yote, moja baada ya jingine.

"Mama Seline, kumi na moja imeharibika," akasema. "Hiyo ukungu iko na sumu."

"Niliosha. Nikachemsha mpaka kuni ikaisha."

"Sumu yake haitoki kwa maji, na moto haiui. Mtu akiila kwa muda mrefu inamharibu maini. Usipatie kuku, usipatie ng'ombe, na mtu asitengeneze pombe ya busaa nayo. Hii ni ya kuzika."

Seline aliketi juu ya debe. Alisema kwamba mwaka jana aliona wanawake wakipigania kilo mbili. Simeon akajibu kwamba yeye pia aliwaona.

Walichimba shimo nyuma ya shule na kuyazika magunia kumi na moja. Yalibaki saba. Sista Hulda, mwalimu mkuu, alipiga hesabu, akaamua kwamba chakula kitakuwa cha madarasa matatu ya chini peke yake. Kila siku saa saba ilikuwa kazi ya Seline kusimama mlangoni mwa jiko na kuwarudisha watoto wakubwa. Kufikia Aprili watoto kumi na tisa walikuwa wameacha shule. Wengine waliokota vyuma vikuukuu Huruma, wengine walipelekwa kulea watoto wa watu. Seline aliumia sana. Aliona kama yeye ndiye aliyewafukuza.

Simeon aliwaita wazazi na wakulima baada ya misa, akawafundisha. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Stoo iwekwe mbao chini, na magunia yakae mbali na ukuta ili hewa ipite. Kisha akaonyesha namna ya kupima. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi na chumvi kavu, unafunga na kutikisa, unangoja robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini yote, yako tayari kuwekwa.

Watu walitikisa kichwa kukubali. Padre naye alikubali kusogeza Jumapili ya mavuno hadi Desemba, ili mahindi yapate muda wa kukauka. Shida ilibaki moja: ni nani atakayepima sadaka za watu? Hakuna aliyetaka kukataa gunia la jirani yake. Mwishowe Seline alisema atapima yeye, kwa kuwa ndiye aliyesimama pale mlangoni kuwarudisha watoto.

Siku ilipofika, wa kwanza alikuwa Mzee Kipyego wa Moiben, mwenyekiti wa parokia, na magunia matano juu ya trela ya trekta. Seline alitikisa chupa mbele ya kanisa zima, akangoja. Chumvi ikashika kwenye kioo.

"Mzee, pole," akasema kwa sauti ndogo. "Hii bado iko na maji. Rudi nayo uanike."

"Mama, unakataa kitu nimeletea Mungu?"

"Mungu hakuli githeri, Mzee. Ni watoto wanakula."

Mzee Kipyego alifunga tena mdomo wa gunia. Kisha akamwambia dereva ageuze trekta. Watu walidhani hatarudi tena, na Seline hakulala vizuri siku kadhaa. Baada ya wiki mbili mzee alirudi na magunia yaleyale. Aliomba chupa, akaitikisa mwenyewe, akasimama juani robo saa akiishikilia. Chumvi ilianguka yote.

Mwaka uliofuata mahindi yalitosha madarasa yote hadi Agosti, na hakuna gunia lililooza. Watoto kumi na wawili walirudi shuleni. Saba hawakurudi.

Seline bado anapima kila gunia, hata la Padre, hata la jirani yake wa Huruma anayemwomba alipitishe tu kwa sababu jua ni kali na wote wamechoka. Ukimwuliza kwa nini hawezi kuachilia hata moja, hatakueleza habari za sumu wala maini. Atakutajia majina ya wale saba.