Kete ya Magharibi

Jua lilikuwa linazama Mugutha, na maziwa hayakuwa yamefika. Tabby aliketi juu ya kreti la soda nje ya duka la Mugo, akingoja pikipiki ya maziwa kutoka Thika. Nyumbani, binti yake wa miaka mitatu alikuwa amelala kwenye kochi, mlango umefungwa kwa nje, na Lynn wa mlango wa pili alikuwa ameombwa asikilize kama mtoto atalia. Kina mama wote wa plot ile ya vyumba vya kupanga hufanya hivyo, na kila mmoja humsema mwenzake kwa kufanya hivyo.

Akatoa simu. Wenzake hutazama video za mapishi. Tabby alicheza mahjong, mchezo wa kete wa Kichina, na watu asiowajua.

Naliaka, rafiki yake, ndiye aliyemfundisha. Kabla ya kuhamia Thika, Naliaka alipika kwenye kambi ya Wachina wajenzi wa barabara karibu na Ruiru, na jioni alikuwa akiwatazama wakicheza. Wako wanaosema mchezo ulibuniwa na mwenye hekima fulani wa zamani sana, lakini mpishi mzee wa Kichina aliyefanya naye kazi aliyacheka hayo. Ulitokana na karata, alisema, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jina lake ni la ndege shomoro. Kete za mfupa na mwanzi zikichanganywa kwa viganja mezani, hulia kama shomoro wanaogombania mtama.

Mpishi huyo alikuwa na miiko miwili. Meza ikikosa mtu mmoja, usimwite ambaye hakuomba kuketi. Na wachezaji wote wanne wakianza kwa kutupa kete ya Magharibi, aliyeitwa lazima aende huko. Magharibi ni kule jua linakozama, na kwa Wachina ndiko wanakoelekea wafu.

Tabby alikuwa amesikia hayo yote. Aliyasikia vile mtu husikia matangazo ya redio.

Meza ikafunguka kwenye simu. Watatu, yeye akiwemo. Kiti cha Magharibi kilikuwa wazi, na maandishi yakamtaka aalike mtu wa nne.

Hapo ndipo alipojiona mjanja. Hakuandika jina la mtu aliye hai. Aliandika la marehemu mama mkwe wake, Wakonyo, aliyezikwa hata kabla ya binti wa Tabby kuzaliwa. Maiti atadhurika vipi? Akatabasamu peke yake pale kwenye kreti.

Kiti kikajaa papo hapo.

Mchezaji wa kwanza akatupa Magharibi. Wa pili akatupa Magharibi. Kisha Wakonyo, polepole, akatupa Magharibi.

Ya nne ilikuwa mkononi mwa Tabby.

Alijaribu kutupa nyingine. Zote zilikataa. Moja tu ndiyo iliyoitikia kidole... Saa ndogo ya mchezo, ambayo kwa kawaida humtupia mtu kete akichelewa, ilikuwa imesimama. Simu ilikuwa imezimwa sauti, na bado alisikia shomoro. Shomoro wengi, saa ambayo ndege wameshalala. Na harufu ikampita puani, ya mfupa uliochemshwa bila chumvi.

Akampigia Naliaka.

"Zimetoka tatu za Magharibi," alinong'ona. "Ya nne niko nayo."

"Usitupe. Meza ilikuwa imejaa?"

"Ilikosa mmoja. Nikaandika jina la mamake Githae. Si ni marehemu, Naliaka? Niliona haina shida."

Naliaka akashusha sauti.

"Tabby... na mtoto mlimwita nani?"

Tabby akasimama kutoka kwenye kreti. Kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, na si jina tu. Siku alipozaliwa, akina cucu, nyanya wa ukoo, walimpokea wakisema Wakonyo amerudi. Githae, mumewe, humwita maitu, mama yangu, na akitoka kazini humletea ndizi mbivu kabla ya kumsalimia mtu mwingine, vile alivyomfanyia mamake. Katika nyumba ile Wakonyo hakuwa kaburini. Alikuwa amelala kwenye kochi, mlango umefungwa kwa nje.

"Sikiza," Naliaka alisema. "Usitupe. Na simu isizime. Ukitoka mezani, mchezo wenyewe utakutupia."

Alikimbia bila maziwa. Kufuli ilimsumbua, kisha akafungua.

Mtoto alikuwa sakafuni. Amenyoosha miguu mbele kama ajuza anayeambua maharagwe, viganja vyake vikizungukazunguka juu ya simiti tupu. Chini ya viganja hapakuwa na kitu.

Shomoro walikuwa wakilia mle ndani.

"Tabby," mtoto alisema. Maisha yake yote hakuwa amewahi kumwita chochote ila mami. "Tupa, nipumzike."

Tabby akamnyakua. Miguu yake ilikuwa baridi kama mtungi. Githae alipoingia na ndizi zake, akiwa na furaha, Tabby alikuwa bado amemkumbatia mtoto.

"Maitu, umeshindaje?"

"Nimeshinda nikingoja, Githae," mtoto akajibu.

Githae akaanza kucheka. Kisha akakisikia kikohozi kilichofuata, kikohozi cha mamake alichokiuguza kwa miaka, akaziweka ndizi chini polepole.

Hayo ni ya mwaka jana. Mchana mtoto ni mzima, huenda nasari na hupigania kalamu za rangi. Jua likizama huketi sakafuni. Pasta aliomba mpaka sauti ikamkauka. Naliaka alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Pengine ni cucu anayetaka kiti chake, alisema, na pengine ni kitu kingine kinachoitikia jina lake. Yule mpishi mzee alisharudi kwao na hakuna wa kuulizwa.

Majirani husema Tabby ameliwa na mchezo, hata chooni huenda na simu na chaja. Anawaacha waseme; tangu jioni ile simu haijazimwa. Anaogopa, na hofu hiyo hana wa kumgawia.

Juzi aliona betri imevimba, mgongo wa simu umeinuka. Aliipeleka kwa fundi Thika.

"Hii haimalizi wiki, mama," fundi alimwambia. "Lakini ni kazi rahisi. Nazima kidogo tu, naweka ingine."

Tabby alimpokonya simu akaondoka bila kuaga.

Jioni ile hakuwasha taa. Githae alikuwa amempakata mtoto, analia bila kujificha. Viganja vidogo vilizunguka juu ya magoti yake, kisha vikatulia. Shomoro wakanyamaza.

"Tabby," ile sauti ilisema, kwa upole, kama mama mkwe anayeomba maji. "Tupa wewe. Mkono wako una huruma kuliko wa mashine."

Tabby aliangalia kioo. Kete ilikuwa pale pale, ikingoja kidole chake. Chaji ilikuwa inashuka, ingawa waya ulikuwa bado umechomekwa ukutani.