Mafuta ya Nazi kwenye Viti vya Harusi

Kamla na mumewe Vinesh walikuwa na gari la kukodisha kwa maharusi mjini Lautoka. Lilikuwa gari refu, jeupe, la zamani, lenye viti vya ngozi. Kamla alilifunga riboni. Vinesh aliliendesha, tai shingoni.

Miaka yote gari lililala uani, juani. Viti vikakauka, vikaingia nyufa. Ijumaa moja Vinesh alivisugua kwa sabuni ya kufulia. Kisha akachukua mafuta ya nazi jikoni, akavipaka mpaka vikang'aa. Hakumwambia mkewe.

Jumapili Kamla alikuwa jikoni akisukuma roti, chapati zao. Mama mmoja akaingia bila hata hodi. Alikuwa Litia, mama wa bibi harusi wa jana yake. Mkononi alishika gauni jeupe.

"Hebu niambie, hiki ni nini?"

Nyuma ya gauni palikuwa na doa la kahawia, kubwa kama sahani.

"Mwanangu kaingia kanisani hivi!" Litia alifoka. "Watu wanabana vicheko. Mchungaji mwenyewe kaangalia dirishani!"

Kamla alilinusa doa. Nazi.

"Vinesh! Njoo hapa!"

Vinesh akaja, akaliona gauni. "Nilitaka viti vilainike tu."

"Viti ni kichwa chako hicho, vipakwe mafuta ya nazi?"

Kamla aliomba radhi. Akasema atalisafisha gauni mwenyewe.

"Lisafishe," Litia akasema. "Lakini harusi imeshapita, mwanangu haolewi tena kesho." Akaliacha gauni, akaondoka.

Kamla hakumaliza roti. Alimfuata jirani yao Losana, fundi wa kushona viti vya mabasi. Losana alikuja, akapitisha kidole kwenye kiti. Kidole kikatoka cheusi.

"Shemeji, umekitesa kiti hiki!" alisema. "Sabuni ya kufulia inakausha ngozi. Na mafuta ya jikoni hayakauki. Yanakaa juu, yananasa vumbi, halafu yanahamia kwenye nguo za watu."

"Mwambie, dada, mwambie!" Kamla alisema. "Sasa tuvitupe?"

"Mtupe nini? Ngozi haijatoboka. Nyufa hizi zinazibika."

Losana aliwaonyesha kazi. Kwanza walifyonza vumbi kwenye nyufa. Wakaijaribu sabuni ya kusafishia viti vya ngozi, aliyoileta Losana, mahali pasipoonekana. Rangi haikutoka. Basi wakafuta viti kwa povu lake na kitambaa laini, wakarudia mpaka kitambaa kikatoka safi.

"Msilowanishe," Losana alionya. "Na mafuta yakibaki, dawa ya nyufa haitashika."

Viti vilikauka kivulini. Kisha wakapitisha msasa laini, polepole. Wakajaza nyufa kwa dawa ya kuziba ngozi, nzito kama dawa ya meno; Losana akasema ipakwe kwa safu nyembamba. Vinesh alitaka kuijaza yote mara moja. Kamla akampiga kofi mkononi.

"Safu nyembamba! Hukusikia?"

Kila safu ilikauka kabla ya nyingine. Wakalainisha kwa msasa, wakapaka rangi ya kupakia viti vya ngozi, kisha dawa ya kuilinda rangi.

"Sasa kila baada ya miezi michache, safisheni, mpake krimu ya viti vya ngozi kidogo, mfute inayobaki," Losana alisema. "Na gari likae kivulini. Pasipo kivuli, zibeni kioo cha mbele."

Wiki chache baadaye walipata harusi nyingine. Safari hii Kamla alipanda mbele na mumewe. Walipofika, bibi harusi alishuka. Kamla akazunguka nyuma yake haraka, akainama, akalikagua gauni kuanzia kiunoni hadi chini. Jeupe pepepe.

"Viti vyako laini, mama," bibi harusi alisema. "Ningeweza kusinzia."

Vinesh alikaza tai yake. Akatabasamu, akafungua mdomo aeleze.

"Wewe nyamaza," Kamla alisema. "Kaegeshe gari kivulini."