Harufu ya Pasi

Kuhusu: Kukwama kwa Masasisho ya Kompyuta ya Nyumbani.

Hivyo ndivyo Karani alivyoanza ujumbe wake kwa kundi la simu la ukoo wa mkewe, kwa kuwa masijala ilikuwa imemfundisha kwamba jambo lisilo na kichwa cha habari halijatokea. Chini yake akaeleza, kwa heshima na taadhima, kuwa kompyuta ilizima ghafla ikiwa katikati ya kusasishwa, kuwa tasnifu ya mkewe imepotea nayo, na kuwa chanzo bado hakijabainika.

Chanzo kilikuwa kimebainika vizuri sana. Asubuhi ile shati lilikuwa limekunjamana, soketi inayofanya kazi ilikuwa ile moja ya chumbani kwa shangazi wa mkewe, na kioo cha kompyuta kilikuwa kimeandika: usizime kompyuta. Karani, ambaye ofisini alitii hata tangazo la kutokanyaga majani mahali pasipo na majani, aliitazama saa, akachomoa waya wa kompyuta, akachomeka pasi.

Mkewe, mwalimu, hakulia. Ingekuwa afadhali. Alikaa mbele ya kioo cheusi akauliza kwa upole ni nani aliyeingia humu, na Karani, akitafuta neno jepesi la kuahirisha kikao, akasema labda nyumba ina kitu. Alisema kwa utani. Ukoo wa mkewe haukuwa na utani na majini. Kufikia jioni kundi zima lilikuwa limekubaliana, kwa kasi ambayo hakuna kamati iliyowahi kuifikia, kwamba jini lipo, na kwamba jini haliji bila mwenyeji. Mwenyeji akawa shangazi wa mwalimu, mjane asiye na kwingine pa kwenda, aliyelala chumba kimoja na mashine na aliyezoea kunong'ona peke yake alfajiri. Ikithibitika ni yeye, walisema, atafute pa kukaa.

Kwanza aliitwa fundi. Akafuta mafaili yasiyo na kazi, akabadilisha kifaa cha umeme, akapakia programu upya, akaanzisha masasisho. Yakapanda vizuri, yakapita nusu, kisha kioo kikazima. Waya ulikuwa sakafuni. Fundi akauliza nani kaupiga teke. Hakuna aliyekuwa karibu. Akauchomeka, akaanza tena, ukatoka tena, na safari hii Karani akanusa: kitambaa chenye joto, mvuke, shati likinyooshwa. Alikwenda kabatini kuigusa pasi. Ilikuwa baridi kama salamu za mkuu wake wa kazi. Aliporudi, fundi alikuwa ameshafunga mkoba, akisema yeye alisomea kompyuta, mengine waitwe walioyasomea.

Mganga alikuja mchana kweupe, na kadi ya biashara. Alivua viatu, akauliza kama mashine bado ina waranti, maana hakutaka lawama, kisha akawakalisha chumbani kwa shangazi: mwalimu na mumewe kitandani, shangazi kwenye kigoda karibu na mlango. Akaagiza masasisho yaanzishwe.

Feni ikavuma. Namba zikapanda. Zilipovuka nusu, mvumo ule ukawa kama pumzi za mtu aliyekimbia ngazi, na harufu ikaja, kwanza ya joto tu, halafu ya kitambaa kinachoanza kuungua, ikawajaa puani na kooni hata mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja, na pale ukutani, mbele ya macho yao wote, bila mkono na bila upepo, plagi ikaanza kutoka kwenye soketi, taratibu, kidogo kidogo, kama inayovutwa na mtu anayetaka kila mmoja aone jinsi ilivyofanyika, huku kola ya shati la Karani ikipata moto shingoni mwake, na yeye akiogopa kuigusa, kwa sababu anayegusa kola atatazamwa.

"Limeitwa na mtu," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Halitoki mpaka litajiwe aliyeliita. Na mwenyewe anajijua."

Shangazi akamtazama Karani. Ndipo Karani alipotambua kwamba asubuhi ile ya pasi, chini ya shuka, shangazi hakuwa amelala.

"Mwanangu," akamwambia, kama anayemkumbusha mtoto kunawa mikono, "sema tu. Ni kompyuta. Tutaelewana."

Mwalimu akamgeukia mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka yote ya kukesha na ile tasnifu.

"Ni shangazi," Karani akasema.

Plagi ikarudi ukutani kwa mlio mdogo. Harufu ikakatika. Masasisho yakakamilika, na kioo kikaandika: karibu. Mganga akatoa risiti bila kuombwa. Shangazi alikunja nguo zake bila kumlaani mtu wala kumsemea, akaomba tu aitiwe gari kabla ya mvua, na mwalimu akampa kisogo hadi mlango ulipofungwa.

Tangu siku hiyo kompyuta haijasumbua. Karani havai tena shati lenye kola, na akiulizwa husema ni joto. Nafsini mwake ameshaandaa maelezo kamili, yenye vifungu: kwamba jini lilikuwa limemwingia, kwamba lilimshika ulimi, kwamba aliyemtaja shangazi si yeye.

Jini halikusema neno. Aliyesema ni Karani, kwa sauti yake mwenyewe, akiwa na akili zake timamu.