Kichwa cha Siku ya Mapumziko

Seremala alipenda kazi yake, na kazi yake ilikwenda na kahawa. Karakanani birika halikutoka motoni. Akipiga randa, anakunywa. Akisubiri gundi ikauke, anakunywa. Nyumbani hakugusa hata tone, kwa sababu mkewe hakuipenda harufu yake.

Siku za kazi alikuwa mtu wa utani. Siku ya mapumziko alibadilika kabisa. Ikifika mchana kichwa kinagonga, macho mazito, mwili umechoka. Kila kitu kilimkera, hasa mama mkwe, mjane aliyeishi nao. Bibi huyo alikuwa na redio ndogo, na alibishana na watangazaji kana kwamba wanamsikia.

"Redio hiyo ndiyo inanipasua kichwa," seremala alimwambia mkewe chumbani. "Kazini siumwi. Nikishinda na mama yako tu, naumwa. Akakae kwa kaka yako."

Ukuta ulikuwa mwembamba. Mama mkwe alisikia. Alishusha begi lake, akaanza kukunja nguo moja moja. Mkewe seremala alipomwona, machozi yalimtoka.

Wakati huo jirani yao, muuguzi wa zahanati, akapiga hodi.

"Mbona mmenuna hivi? Kuna nini?"

Mke akamweleza yote. Muuguzi akamgeukia seremala.

"Shemeji, mwezi uliopita mama alikwenda kumtembelea mwanawe. Siku ya mapumziko kichwa kilikuuma?"

Seremala akafikiri. "Kiliuma," akakiri kwa sauti ndogo.

"Kazini unakunywa nini?"

"Kahawa."

"Vikombe vingapi?"

"Nani anahesabu?"

"Na hapa nyumbani?"

"Sinywi."

Muuguzi akacheka. "Basi mama wa watu umemsingizia! Kahawa ina kafeini. Mwili ukishaizoea, ukiikosa ghafla unalalamika. Kichwa kinauma, unachoka, hasira zinakuwa karibu, akili haitulii. Huanza ndani ya siku moja hivi tangu kikombe cha mwisho."

"Basi kesho naacha kabisa!"

"Pole pole, shemeji. Ukiacha ghafla unaweza kuumwa wiki nzima, na wenzako kazini watakukimbia. Punguza kidogo kidogo. Ondoa kikombe kimoja, ukae siku chache, ndipo uondoe kingine. Kunywa maji, lala vizuri. Na ujue, hata majani ya chai yana kafeini, na soda nyeusi, na baadhi ya vidonge vya kichwa. Uliza kabla ya kumeza."

"Na kisipopona?"

"Njoo tukupime. Kikija ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au pamoja na homa, shingo kukakamaa au mkono kukosa nguvu, usiseme ni kahawa. Wahi hospitali mara moja."

Seremala alikwenda kwa mama mkwe. Aibu ilimjaa.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea."

Bibi alimtazama. "Mwanangu, ungesema unaumwa, ningekukanda kichwa. Wewe ulisema mimi ndiye ugonjwa." Neno hilo lilimchoma seremala. "Shemeji yako atakuja kunichukua mwisho wa mwezi. Nimeshampigia simu."

Seremala akaanza kupunguza. Haikuwa rahisi. Siku nyingine aliamka na kichwa kizito, lakini sasa alikuwa anasema mapema: "Leo naumwa, nivumilieni." Mama mkwe alimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, kimya kimya mwanzoni. Baadaye akaanza kumtania kwamba mtu mzima analevywa na kikombe. Kazini alibaki na kikombe kimoja asubuhi, na nyumbani siku ya mapumziko wakakubaliana hicho hicho kimoja, anywe nje barazani. Siku za mapumziko zikapita bila kichwa wala ugomvi.

Mwisho wa mwezi kaka mtu akaja na gari la kuazima.

"Mama, twende. Mizigo iko wapi?"

Bibi akaendelea kuchambua mchele. "Muulize shemeji yako."

Seremala akasimama mlangoni. "Shemeji, karibu ule. Lakini mama yetu haendi popote."

"Umesikia?" bibi akamwambia mwanawe. "Hata angenifukuza, nisingeondoka. Nani angemkanda?"

Kaka mtu alikula, akashiba, akarudi kwake peke yake.